Nyumba ni ya nani talaka ikitoka?

Sisi watu wa pwani ni hodari sana wa kuhesabu siku ya harusi. Kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui hakuna asiyejua mahari ya binti fulani yalikuwa kiasi gani, kitanda kilitoka kwa fundi yupi, bangili ngapi za dhahabu zilivishwa mkononi, na kabati lilikuwa na vioo vingapi. Kina mama huyahesabu hayo kwa sauti, na wakati mwingine kwa nyimbo. Lakini ndoa ikivunjika, watu wale wale hodari wa hesabu hugeuka mabubu. Ukiuliza nyumba ilijengwa kwa fedha za nani, huyu atakwambia za mume, yule atakuapia kuwa ni za mke, na wa tatu atakwambia tuyaache hayo, ni mambo ya watu.

Nami nimeulizwa swali hili mara nyingi na wasomaji, wengi wao wanawake, hata nikaona halifai tena kujibiwa kwa maneno mawili mlangoni. Mke akiachwa, au akiachika kwa kadhi, anatoka na nini? Na mume anabaki na nini?

Kuna maneno ya aina mbili yanayozunguka katika miji yetu. Ya kwanza yanatembea sokoni na garini: kwamba siku hizi sheria ya Kenya ni nusu kwa nusu, mkiachana nyumba inakatwa katikati kama mkate wa mofa. Ya pili yanakaa barazani: kwamba kwa Waislamu mwanamke aliyeachwa hana chake ila kanga aliyojifunga na mtoto aliyempakata. Maneno yote mawili si ya kweli, na yote mawili yamekwisha kuwaponza watu.

MALI YA MKE NI YA MKE

Tuanze na dini, maana ndiko tunakosema tunasimama. Katika sheria ya Kiislamu ndoa haichanganyi mali. Binti aliyeolewa akiwa na minazi 20 aliyorithi kwa babake, minazi ile ni yake siku ya nikahi, ni yake baada ya watoto sita, na ni yake siku talaka itakapotoka. Mume hana ruhusa ya kuuza hata dafu moja pasipo ridhaa yake. Kurani imeliweka wazi jambo hili katika Suratun-Nisaa, aya ya 32, panaposemwa kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma wao. Yafaa tukumbuke kwamba Waingereza, waliokuja kututawala na kutufundisha ustaarabu, walingoja hadi mwaka 1882 ndipo Bunge lao lilipotunga sheria ya kumpa mke haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe. Sheria hiyo ya 1882 ishikeni kidogo, maana tutakutana nayo tena hapa hapa Kenya.

Basi mke anapoachwa, vitu vyake ni hivi. Kwanza mahari yake yote, pamoja na yale ambayo mume aliahidi akachelewa kuyatoa. Mahari yasiyolipwa ni deni, na deni halifutwi na talaka. Pili, zawadi alizopewa, dhahabu na nguo na vyombo. Aya ya 20 ya sura hiyo hiyo inamkataza mume kurudisha alichompa mkewe hata kikiwa ni rundo la mali. Tatu, makazi na masurufu katika muda wa eda ya talaka rejea, na aliye mjamzito mpaka ajifungue. Nne, kile kiliwazo kinachoitwa mut'a, ambacho aya ya 241 ya Suratul-Baqara inakitaja kuwa ni haki ya wanawake walioachwa, kwa kadiri ya wema na uwezo. Hili la nne wanawake wetu wengi hawalidai kabisa, kwa sababu hawajapata kuambiwa kuwa lipo. Mume aliyeishi na mkewe miaka 25 humtoa na mfuko wa plastiki, na watu wakasema masikini, ndiyo kadari.

Mambo hugeuka mke anapotaka yeye mwenyewe kutoka bila kosa la mume, yaani khului. Hapo yeye ndiye anayerudisha, na kwa kawaida hurudisha mahari. Wako waume wajanja wanaolijua hili vizuri. Hawatoi talaka. Humwacha mke akae hata achoke, aende mwenyewe kuomba khului, ili mahari yarudi na kiliwazo kisitoke. Kadhi mzoefu huinusa hila hiyo, naye akiona mke amedhulumiwa ana njia ya kuivunja ndoa kwa fasakhi pasipo mke kununua uhuru wake. Lakini sharti mke aseme, na aseme kwa ushahidi.

Na hata ile picha ya mke akitoka mlangoni na furushi si picha ya pwani yote. Katika nyumba za mawe za Lamu ada ya wakubwa ilikuwa baba kumpa bintiye nyumba au ghorofa anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Talaka ikitoka, anayebeba sanduku ni bwana. Desturi hiyo haikutoka kwa watu wasiojua dini. Walijua hasa, ndiyo maana wakaiweka nyumba kwa jina la binti kabla ya neno la ndoa kutamkwa.

MKOPO, ZAWADI AU SHIRIKA?

Hayo yote ni mepesi. Uzito unaanza pale mali ilipopatikana ndani ya ndoa, kwa mikono ya wote wawili, na hapana aliyeandika chochote.

Nilikaa barazani na mzee mmoja wa Takaungu ambaye kwa miaka mingi watu wamemletea magomvi yao ya nyumbani kabla hayajafika kwa kadhi. Nilimwuliza anafanyaje mume na mke wanapogombania nyumba. Akatabasamu.

"Mwanangu," akasema, "mimi siulizi nani alijenga. Nauliza, siku ile pesa zilipotoka mkononi mwako kuingia mkononi mwake, mlisemezana nini?"

"Na wakisema hawakusemezana kitu, mzee wangu?"

"Basi hapo ndipo pana kazi."

Maneno ya mzee huyu yamebeba fikihi nzima ya jambo hili. Fedha za mke zikiingia katika nyumba ya mume, zinaweza kuwa moja ya vitu vitatu. Zinaweza kuwa mkopo, zinaweza kuwa zawadi, au zinaweza kuwa shirika. Kila kimoja kina hukumu yake, na tofauti yake si ndogo.

Tuseme mume alitoa shilingi 600,000 na mke akatoa 200,000 alizozipata kwa mahamri, kwa kusuka makuti, au kwa mchezo wa kupeana na wenzake. Wakajenga kwa 800,000. Leo, baada ya miaka mingi, nyumba ile ina thamani ya 2,400,000. Ikiwa fedha za mke zilikuwa mkopo, atarudishiwa 200,000 zake, si zaidi, ingawa bei ya saruji imepanda mara tatu. Ikiwa zilikuwa zawadi, hana kitu, kwa maana zawadi iliyokwisha kupokewa hairudi. Ikiwa zilikuwa shirika, ana robo ya nyumba, na robo ya nyumba leo ni 600,000. Fedha ni zile zile na mkono ni ule ule. Kilichoamua ni neno lililosemwa siku ile, au ambalo halikusemwa.

Sasa fikiri, msomaji, ni mke gani wa Barani au Mnarani anayemkabidhi mumewe fedha za mabati akamwambia, "Bwana, fahamu kuwa hizi ni shirika"? Ataambiwa ameingia ndoa au ameingia biashara. Kwa hiyo ananyamaza kwa heshima, na ile heshima yake ndiyo inayohesabiwa kuwa zawadi.

Kuna la kazi pia. Mke hakutoa senti, lakini alichota maji ya kuchanganyia saruji, alipika cha mafundi, alilinda mchanga usiibwe, na kwa miaka 20 alilea na kufua ili mume aweze kwenda baharini au hotelini akachuma. Wengine husema hiyo ni kazi yake, haina ujira. Hapa mimi, nami ni mwanamume, huwa nawauliza wenzangu swali moja. Sisi wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafi. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wamesema kupika na kufua si wajibu wa mke kisheria. Ikiwa si wajibu wake, basi alichokuwa akifanya miaka yote hiyo ni nini? Sijapata kusikia jibu barazani ila mtu kuomba kahawa iongezwe.

MTI WANGU, ARDHI YAKO

Wasomaji wa bara wakisikia mali ya ndoa hufikiri hati ya shamba. Huku kwetu jambo lina mafundo zaidi. Malindi, Kilifi na Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba na asimiliki ardhi iliyo chini yake. Anamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi, na juu yake anajenga, anarithisha, anauza. Na katika mashamba, mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. David Parkin, mwanachuoni wa Kiingereza aliyekaa na Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1972 juu ya minazi, tembo na mashahidi, akaonyesha jinsi mnunuzi wa minazi alivyotegemea wazee waliokuwapo siku ya mapatano. Hapakuwa na karatasi. Karatasi ilikuwa vichwa vya wazee.

Kwa hiyo mume na mke wa Gongoni wanapoachana, kinachogawanywa huenda kikawa minazi 40 katika shamba la mtu mwingine, nyumba ya udongo yenye mabati kwenye kiwanja cha kodi, mbuzi watano, na mashua yenye deni la injini. Hati ya serikali hapo haitasaidia kitu, maana haipo. Wakoloni walipoanza mwaka 1908 kusajili ardhi ya ukanda wa pwani, wengi wa majirani zetu wa Kimijikenda hawakupata karatasi yoyote, na watoto wao wakaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Shida hiyo ya ardhi ndiyo inayoingia mpaka chumbani kwa mume na mke. Asiye na hati hana cha kumwandikisha mkewe, hata akitaka.

Na wale jirani zetu walioingia Uislamu wana mila mbili mkononi. Katika mila ya Kigiriama mahunda hutolewa kwa baba wa binti, na ndoa ikivunjika huenda yakadaiwa yarudi. Katika Uislamu mahari ni ya binti mwenyewe. Nimewahi kuona baba mkwe na mkwewe wakibishana saa nzima juu ya mbuzi, na kumbe binti mwenyewe, mwenye mahari, ameketi nyuma ya mlango hajaulizwa neno.

KADHI NA JAJI

Mahakama za kadhi huku kwetu ni za kale kuliko Kenya yenyewe. Mwingereza alipopatana na Sultani wa Zanzibar mwaka 1895 juu ya ukanda wa maili 10, aliahidi kuwa dini na makadhi havitaguswa. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar waliandikiana kulithibitisha jambo hilo, kisha ikaja Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967. Katiba ya 2010, baada ya ubishi mkubwa ambao wengi wetu tunaukumbuka, imeziweka mahakama hizo katika kifungu cha 170. Zinasikiza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote wanaoshitakiana ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa hapo.

Wako wanaodhani kwa kadhi ni mahali pa wanaume. Susan Hirsch, mtafiti wa Kimarekani, alikaa katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa katika miaka ya 1980, na kitabu chake kikatoka mwaka 1998. Aliona kwamba wengi wa walioleta mashitaka walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda. Waliokuwa na hadithi ya kueleza walipewa nafasi ya kuieleza. Lakini walilolilalamikia zaidi lilikuwa masurufu na kuachwa waning'inie. Nyumba na shamba ni jambo jingine.

Maana tazama vizuri katika kile kifungu cha 170. Ndoa imo, talaka imo, mirathi imo. Neno mali halimo. Ndiyo sababu mawakili hawaachi kuvutana kama kadhi anaweza kugawa nyumba, au ni lazima watu waende Mahakama Kuu.

Na katika mahakama za serikali safari imekuwa ndefu. Ile sheria ya Kiingereza ya 1882 niliyowaambia mwishike, ndiyo iliyotumika Kenya. Mwaka 1971 jaji alisema inatumika hapa, na kwa miaka zaidi ya 40 wake wa Kenya waliachana na waume zao kwa sheria ya Malkia Victoria. Katika rufaa moja ya mwaka 1995 iliyohusu mume na mke Waislamu, Mahakama ya Rufani ilisema sheria hiyo inawahusu Waislamu sawasawa na wengine. Kisha mwaka 2007 majaji watano wa mahakama hiyo hiyo wakatoa hukumu iliyowaumiza wengi: kazi za nyumbani na malezi hazihesabiwi kuwa mchango katika mali. Bila fedha, hakuna fungu.

Katiba ya 2010 ikaja na kifungu cha 45, kinachosema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na wakati wa kuachana. Kifungu cha 24 nacho kikaweka mlango kwa Waislamu wanaohukumiwa kwa kadhi katika mambo ya ndoa na mirathi. Mwaka 2013 Bunge likatunga Sheria ya Mali ya Ndoa. Sheria hiyo imeutaja mchango usio wa fedha kwa jina: kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara ya jamaa, kulima shamba. Imesema pia mali itagawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Na katika kifungu chake cha tatu imesema Mwislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo yote ya mali ya ndoa.

Anaweza. Neno hilo moja limeleta kazi. Halikusema lazima. Mke akienda Mahakama Kuu na mume akasema yeye ataka kwa kadhi, ni nani anayefuatwa? Nionavyo mimi, neno hilo lilitiwa kutuheshimu Waislamu, lakini limewapa nafasi wale wanaotafuta mlango wenye bei nafuu zaidi kwao. Mume ambaye hajapata kuonekana msikitini hata Ijumaa huwa mwanazuoni siku ya kugawa nyumba.

Ama kuhusu yale maneno ya nusu kwa nusu, Mahakama ya Juu ya Kenya iliyakata tarehe 27 Januari 2023. Ilisema haki sawa katika kifungu cha 45 si kusema kila mali ikatwe nusu. Kila mmoja aonyeshe mchango wake, wa fedha au wa kazi, na mahakama ipime. Kwa hiyo anayekwenda kortini akiamini kuna nusu inayomngoja, na aende na ushahidi badala ya imani hiyo.

Jambo moja zaidi ambalo watu hawalijui: hukumu ya kadhi si mwisho. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, na huko jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili wa kumshauri. Sisi wa Malindi tunayo Mahakama Kuu mjini hapa hapa.

WENZETU WAMEFANYAJE

Kuna wanaosema kuwa kumhesabia mke fungu la mali ya ndoa ni uzushi wa kizungu. Nawaomba wautazame ulimwengu wa Kiislamu kabla ya kusema hivyo.

Malaysia na Indonesia ni Mashafi kama sisi. Huko kuna ada ya kale ya mali iliyochumwa pamoja, nayo mahakama zao za sharia zinaitambua. Malaysia iliiandika katika sheria yake ya ndoa za Kiislamu ya mwaka 1984. Indonesia katika mkusanyo wao wa mwaka 1991 walikwenda mbele zaidi: mume na mke wakiachana, mali waliyoichuma pamoja kila mmoja ana nusu, ila wakiwa walipatana vingine katika ndoa. Morocco ni Wamaliki, na katika milima ya Ghomara mwanazuoni Ibn Ardun alitoa fatwa katika karne ya 16 kwamba wanawake wanaofanya kazi shambani pamoja na waume zao wana fungu katika mavuno. Alikuwa kadhi, hakuwa mwanasheria wa Ulaya. Sheria ya Morocco ya mwaka 2004 inaacha mali ya kila mmoja iwe yake, lakini inawaruhusu wanandoa kuandikiana mkataba wa mali mbali na cheti cha ndoa, na pasipo mkataba hakimu hutazama kazi na juhudi ya kila mmoja. Mwaka 2022 Sheikh wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayyeb, aliitaka fatwa hiyo ya haki ya jasho la mke ihuishwe.

Na karibu zaidi, Zanzibar, sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imempa kadhi uwezo wa kutazama mchango wa wanandoa katika mali. Tanzania Bara wana ile hukumu ya mwaka 1983, ambayo Mahakama yao ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilisema kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Watu wengi huisifu hukumu hiyo pasipo kuisoma mpaka mwisho. Mke yule, Mwislamu, alishinda kwa hoja lakini hakupata kitu, kwani mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa mtaji wa biashara, naye akautapanya. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya kuisoma mara mbili.

FEDHA ZA SAUDIA

Haya yote yangekuwa maneno ya vitabuni tu lau si safari za Uarabuni. Zamani mwanamume ndiye aliyesafiri, akaenda Maskati au Jeddah, akaleta fedha. Siku hizi katika mitaa ya Malindi, kutoka Shela hadi Muyeye, anayesafiri ni mama. Anakwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani miaka miwili, au minne, na kila mwezi analeta. Watoto wanabaki kwa bibi yao. Fedha zinakuja kwa mume, maana ndiye aliye hapa, ndiye anayejua mafundi na ndiye anayekwenda kwa mwenye kiwanja.

Nimezungumza na wanawake watatu waliorudi. Mmoja alikuta nyumba imesimama vizuri, na jina katika mapatano ya kiwanja ni la shemeji yake, kakake mume. Wa pili alikuta nyumba, na ndani ya nyumba mke mwenzake. Dini imemruhusu mume kuoa, hilo hakulipinga. Alilouliza ni kama dini imemruhusu kuoa katika nyumba ya mtu mwingine. Wa tatu hakukuta nyumba, alikuta msingi na majani. Kila mmoja aliniambia jambo lile lile kwa maneno yake, kwamba alipokuwa akituma hakuona kama anamtumia mtu, aliona anatuma nyumbani.

Yule wa kwanza ndiye aliyepata nafuu, na nafuu yake ilitoka mahali pasipodhaniwa. Alikuwa na tabia ya kutupa kitu polepole. Risiti za kutumia fedha kutoka Riyadh alizihifadhi katika mkoba, na tangu M-Pesa ilipoenea katika nchi hii kuanzia mwaka 2007, kila shilingi inayoingia ina tarehe na saa. Aliziweka risiti mezani moja moja mbele ya wazee wa pande zote mbili. Hazikusema kama ni mkopo au shirika, hilo ni kweli. Lakini katika ujumbe mmoja wa simu mumewe alikuwa amemwandikia kuwa chumba chao cha mbele kimefika madirisha, alete za mabati. "Chumba chetu." Mzee mmoja akalisoma neno hilo mara mbili, akalirudisha simu mezani, akamtazama mume. Waliafikiana kabla ya kufika kwa kadhi.

Nimewauliza wanaume wenzangu kwa nini wanachukia kuandikiana na wake zao. Jibu ni kwamba kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Basi aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi washuhudie, liwe dogo au kubwa, watu wasichoke kuliandika. Mtume (S.A.W.) na masahaba zake waliaminiana kuliko sisi, na aya hiyo iliwashukia wao.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili mwenye ofisi ya vioo. Itaje tarehe, kiwanja kiko wapi na ni cha nani, kila mmoja ametoa kiasi gani, na lile neno moja kati ya yale matatu: mkopo, zawadi au shirika. Mashahidi wawili waaminifu watie saini. Ikiwa nyumba iko juu ya ardhi ya kodi, mwenye ardhi naye aonyeshwe. Wanaotaka nguvu zaidi wanaweza kuipeleka kwa wakili ikaapiwe, au wakaweka sharti hilo mapema katika mkataba wa ndoa, jambo ambalo sharia inaliruhusu na sheria ya 2013 inalitambua.

Ninamjua bibi mmoja wa Mambrui, muuza samaki wa kukaanga, aliyefanya hivyo mumewe alipokuja kumtaka fedha za kuezekea. Mume alikasirika, akamwuliza, "Kumbe mke wangu huniamini?" Naye akamjibu, "Nakuamini, bwana wangu, ndiyo maana nataka uandike wewe mwenyewe." Akaandika, kwa kalamu ya mtoto, juu ya ukurasa wa daftari la hesabu. Shahidi mmoja alikuwa kakake mume, wa pili mwalimu wa chuo. Nyumba ikaezekwa, na hao mpaka leo wanaishi pamoja. Ile karatasi bibi hakuiweka kabatini mwake. Aliikunja akampelekea mamake.